Maswali yenu: Meli kiraka au meli ya kazi moja?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja kuhusu gemu za biashara ya angani, hasa Elite Dangerous, ile ya kampuni ya Frontier ya Cambridge kule Uingereza, iliyotoka Desemba 2014 na mpaka leo watu wamo ndani wanasukuma mizigo. Karibu zote zinazunguka jambo moja kwa hiyo nimeziweka pamoja. Kwa ambao hamjawahi kuicheza ni hivi, unapewa kimeli kidogo kinaitwa Sidewinder na hela ya kuanzia, afu galaksi yetu hii hii, mifumo ya nyota bilioni 400, iko wazi mbele yako. Unanunua bidhaa kituo hiki unauza kile, unabeba abiria, unachimba madini kwenye pete za sayari, unawinda maharamia, hakuna anayekwambia ufanye lipi. Meli za kununua zimo makumi, nyingine zimetengenezwa kwa kazi moja tu, nyingine ni kiraka, kama yule mchezaji ambaye kocha leo anampanga beki wa kulia, wiki ijayo winga, na akiumia kipa basi glavu anavaa yeye.

Tuanze.

"Mambo vipi kaka. Nina Type-6, nimepiga nayo biashara mpaka nimefikisha krediti milioni 62 na sasa nataka kupanda. Bro wangu anasema chukua Python usiulize maswali. Ila mi nikipiga hesabu naona Type-7 inabeba zaidi na Python bei yake ni mara tatu. Sasa mbona kila mtu anaisifia Python? Kazi yangu ni mzigo tu, sipigani na mtu." Msomaji, Mwanza

Poa sana kaka. Hesabu yako iko sawa na bro wako naye yuko sawa, kila mmoja wenu kashika upande wake tu.

Type-7, ambayo ni meli ya mizigo tu, ni kama milioni 17.5. Python, ambayo ni kiraka, ni karibu 57. Ukijaza rafu za mizigo kila nafasi ya ndani, Type-7 inapita kidogo tani 300 na Python inaishia karibu 290. Kwa hiyo ukikaa na karatasi na kalamu unaona Python ni wizi wa mchana kweupe. Ila kuna kitu ambacho kwenye karatasi hakionekani vizuri nacho ni pedi ya kutua, pale meli inaposhukia kituoni. Type-7 imepanda juu sana, haiingii pedi ya kati, lazima pedi kubwa, na vile vituo vidogo pedi kubwa hawana kabisa. Python pamoja na mwili wake wote ule inatua pedi ya kati. Hiyo peke yake ndo iliyoijengea jina, maana wewe na Type-7 yako ukikuta bidhaa ya bei nzuri kwenye kituo kidogo unaitazama tu kwenye ramani unaendelea na safari, mwenye Python anashuka anapakia. Ni sawa na mwenye kirikuu na mwenye semi-trela, trela inabeba mara kumi ila kwenye kichochoro cha Manzese haifiki.

La pili ni ngao. Rafu za mizigo kwenye gemu hii zinaenda kwa kuzidisha mara mbili, nafasi ya daraja la 1 inabeba tani 2, la 2 tani 4, la 3 tani 8, hivo hivo mpaka daraja la 8 ambalo ni tani 256. Sasa ngao nayo inakaa kwenye nafasi hizo hizo. Ukiweka ngao kwenye nafasi ya daraja la 5 umetupa tani 32, ukiiweka kwenye ya daraja la 6 umetupa 64. Hapo utaelewa kwa nini kila mtu anasema tani tofauti kwa meli ile ile, wengine wanahesabu bila ngao wengine na ngao. Python na ngao ya daraja la 5 inabaki na kama tani 260.

Tuseme umepata njia inayokupa faida ya krediti 10,000 kwa tani, nimechukua namba rahisi ya kuhesabia. Type-6 yako na tani zake 112 inaleta milioni 1.1 kwa safari. Type-7 imejaa, milioni 3. Python na ngao yake, milioni 2.6. Yaani kwenye mzigo mtupu kati ya vituo vikubwa ile milioni 40 unayoongeza kununua Python hairudi hata ukicheza mwaka mzima, kwa sababu inakuingizia kidogo kuliko ile ya bei rahisi! Na wengi hapa ndo wanapochanganyikiwa. Ile milioni 40 hununui tani, unanunua ruhusa. Ruhusa ya kutua popote, ruhusa ya kufunga bunduki (Python ina sehemu 5 za silaha, 3 kati ya hizo kubwa, Type-7 ina 4 ndogo), ruhusa ya kesho kutoa rafu zote ukaweka vifaa vya kuchimba madini ukaenda kuchimba. Kama hutazitumia hizo ruhusa, umelipia chumba ambacho hulali.

Na bima, kaka, bima. Meli ikilipuka unalipa asilimia 5 ya bei ya meli pamoja na moduli zake, yaani vifaa ulivyoifungia, ndo unarudishiwa. Ukinunua Python leo unabaki na milioni 5, na bima ya bodi tupu peke yake ni karibu milioni 2.9, sasa hapo hujanunua injini ya kuruka ya maana wala ngao wala mzigo wa kwanza wa kupakia. Mi hili limenikuta. Niliuza Type-6 yangu, nikauza kila kitu, nikanunua Python nikabaki na laki nne, siku ya pili nikaingia kituoni kwa kasi nikagonga mlango, na bima sikuwa nayo. Nikarudi kwenye Sidewinder. Wiki sita za jioni baada ya kazi zimeisha kwa mlango mmoja. Siku ile nilizima kompyuta nikakaa tu gizani, na ndo maana kila barua inayotaja Python na akiba ndogo naijibu kwa urefu namna hii.

Kwa hiyo: chukua Type-7 sasa, weka kama milioni 10 kwenye moduli, kuruka kwanza afu injini, zilizobaki ziache benki kama bima na mtaji wa mzigo. Type-6 usiiuze, bei yake ni milioni moja tu na inatua pedi ya kati, ukiona dili la kituo kidogo unaichukua hiyo. Ukifika milioni 120 hivi, nunua Python, na wakati huo utakuwa unajua kabisa unaitaka kwa kazi gani.

"Mimi ni mstaafu. Mwaka 1984 nilikuwa masomoni Uingereza na mwenzetu mmoja bwenini alikuwa na kompyuta ya BBC Micro, tukicheza Elite ya kwanza usiku kucha. Meli ilikuwa moja tu na hatukulalamika. Hivi haya mambo ya meli aina aina yameongeza nini?" Mzee, Tanga

Shikamoo mzee wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, naomba nikujibu taratibu.

Ile Elite ya David Braben na Ian Bell ilikupa Cobra Mk III na krediti 100, ukaachiwa dunia, galaksi 8 zenye sayari 256 kila moja. Cobra ilikuwa inabeba tani 20, ukinunua ghala kubwa inafika 35. Hiyo ndo meli kiraka ya kwanza kabisa ambayo vijana wote wa zama zile waliijua, na ukiraka wake ulikuwa mzuri kwa sababu kila kitu ulikijenga juu ya bodi moja, leza ya mbele, ya nyuma, za ubavuni, leza ya kuchimba, na hela ndo iliyokuwa inakuzuia. Chaguo lilikuwepo mzee, lilikuwa kwenye mpangilio wa manunuzi. Ghala kwanza au leza kwanza? Nani kati yenu bwenini alinunua kompyuta ya kutua kituoni kabla ya leza nzuri? Nina hakika mligombana.

Kilichobadilika kikubwa ni mwaka 1993 kwenye gemu iliyoitwa Frontier, ile Elite ya pili, ambapo Braben aliruhusu kununua meli tofauti na akaweka sheria moja ambayo mi bado naiona ndo bora kuliko zote zilizofuata: kila meli ina tani zake za ndani, na kila unachofunga kinakula tani hizo hizo. Bunduki ina uzito, ngao ina uzito, injini ina uzito, kilichobaki ndo mzigo wako. Hapo hata meli moja inakuwa ya kazi moja au kiraka kwa uamuzi wako mwenyewe. Ukitaka kuwa salama unalipa kwa mzigo, ukitaka mzigo unalipa kwa usalama, hakuna aliyekulazimisha. Ile ya sasa imechukua wazo hilo ila imeligawa kwenye vyumba vyumba, na ndo maana aina za meli zimekuwa na maana zaidi, kila bodi imekuja na vyumba vyake.

Kwa hiyo ulichopata ni kwamba meli yenyewe sasa inasema wewe ni nani. Nikikutana na mtu kwenye Type-9, lile lori la mizigo, najua anafanya nini kabla hajaniambia. Cobra Mk III bado ipo mzee, ni kama krediti laki tatu na nusu, ukijaza rafu inapita tani 60, na ukiwa bado mgeni humo ndani hakuna meli itakayokuvumilia kuliko hiyo. Tafuta mjukuu mmoja mwenye kompyuta nzuri, ila ujue lazima muwe na intaneti muda wote hata kama mnacheza peke yenu, hawana namna ya kucheza nje ya mtandao.

"Dada yenu hapa. Nina Type-9 na kila safari ya tatu nakatishwa na maharamia. Nimefunga bunduki tano lakini napigwa tu. Nifunge kubwa zaidi?" Msomaji, Arusha

Pole dada. Zitoe hizo bunduki. Kweli kabisa, zitoe.

Type-9 inageuka taratibu kuliko karibu meli zote unazoweza kununua, adui akishakaa nyuma yako haumwoni tena mpaka mwisho. Bunduki zinakula umeme wa meli na zinakupa moyo wa kupigana ambao meli yako haina. Umeme huo upeleke kwenye ngao. Ukiona haramia anakuvuta kutoka kwenye mwendo mkubwa, ule wa kusafiri ndani ya mfumo, usishindane naye, zima mwendo, kubali, maana ukikubali injini yako ya kuruka inapoa haraka na bodi haipati madhara, ukishindana ukashindwa unazungushwa hovyo na unasubiri muda mrefu. Ukishatoka tu, umeme wote kwenye ngao na injini, afu chagua mfumo mwingine wa nyota ruka uondoke. Usijaribu kurudi kwenye mwendo mkubwa ndani ya mfumo ule ule, kwa sababu uzito wa meli ya adui ikiwa karibu unakuchelewesha kuchaji, lakini kuruka kwenda mfumo mwingine hakuathiriki na hilo. Hii watu wengi hawaijui na inaokoa meli.

Na ngao usibane. Najua inauma kutoa tani 64 au 128 kwa kitu ambacho siku nyingi hutakitumia, ila Type-9 ni milioni 76 na nusu, pamoja na moduli bima yake inaenda mamilioni kadhaa, na mzigo uliopotea haulipwi na bima yoyote. Kilichomo ghalani kikilipuka kimekwenda.

Baadaye sana ukipata cheo kwa watu wa Himaya, moja ya dola za humo kwenye gemu, utaruhusiwa kununua Imperial Cutter ambayo mzigo wake unalingana na wa Type-9, ina ngao nzito na inakimbia kweli. Bei yake ni kama milioni 209 na bila cheo hawakuuzii hata uwe na mabilioni.

"Niaje. Mimi na mabeshte zangu wawili tunaunda gemu yetu ya biashara ya angani. Tuna meli mbili za katikati. Ngamia ni ya mizigo, inabeba tani 100, bei 200,000, haina bunduki. Kipanga ni ya kila kazi, inabeba tani 80, bunduki nne, ina speed, bei 260,000. Tumejaribisha na watu kumi na wawili na wote wamenunua Kipanga, hata mmoja hakuchukua Ngamia. Tupunguze nguvu ya Kipanga ama tushushe bei ya Ngamia?" Msomaji, Nairobi

Asante sana kwa hii barua, nimeifurahia kupita kiasi, na nawaomba radhi waliobaki kwa sababu nitakaa hapa.

Hao kumi na wawili hawajakosea. Gemu yenu imewaambia wachukue Kipanga nao wamesikia. Angalia, tuseme faida ni 500 kwa tani, Ngamia inaleta 50,000, Kipanga 40,000. Tofauti 10,000. Sasa mwenye Kipanga njiani akimpiga haramia mmoja mwenye zawadi ya 15,000 ashampita mwenye Ngamia, na mwenye Ngamia akikutana na haramia huyo huyo amepoteza kila kitu. Yaani ile meli ya kazi moja imeshindwa kwenye hiyo kazi yake moja. Hapo kushusha bei hakusaidii, kitu kibaya cha bei rahisi bado ni kibaya, watu watakinunua kwa nusu saa tu wakiwa njiani kwenda Kipanga.

Nipe nafasi nikuonyeshe jinsi wakubwa walivyokosea hivo hivo. Miaka ya mwanzo ya Elite Dangerous, Type-9 ambayo ni lori la kweli ilikuwa inaishia tani 532. Anaconda ambayo ni kiraka mkubwa, sehemu 8 za bunduki, inaruka mbali, inabeba tani 468. Pengo ni tani 64, kama asilimia 12. Kwa hiyo nani atateseka na Type-9? Watu walikusanya hela wakaenda Anaconda moja kwa moja, ingawa bei yake ni karibu milioni 147. Mwaka 2018 Frontier wakaiongezea Type-9 nafasi nyingine ya daraja la 8, tani 256 kwa mpigo, ikafika karibu 790. Hawakuigusa Anaconda. Ghafla lori likawa linabeba zaidi ya mara moja na nusu ya kiraka na kwa nusu ya bei, na mjadala ukafa. Somo langu kutoka hapo: pengo la asilimia 20 kama lenu mchezaji halioni, halisikii mkononi. Fanyeni Ngamia ibebe 150 au 160. Na Kipanga msiiguse, mtu ashaizoea ukimpunguzia anakuchukia, ukimwongezea mwingine hakuna anayelia.

Ila namba peke yake haitoshi, maana ukishaweka 160 wataanza kuuliza mbona hatuwezi kufunga bunduki kwenye Ngamia, na mkiruhusu mmerudi pale pale. Meli ya kazi moja inahitaji kitu kimoja ambacho kiraka hawezi kukifunga hata awe na hela za dunia nzima. Kwenye Elite zile kabini za kifahari kabisa za abiria zinaingia tu kwenye meli za abiria. Kuna meli za vita zina nafasi za kijeshi ambazo zinapokea vitu vya ulinzi tu, huwezi kuzijaza mzigo. Nyinyi mnaweza kusema kwa mfano mizigo ya baridi, au kontena refu lisilokatwa, inaingia kwenye Ngamia peke yake. Msiweke kumi za namna hiyo. Moja inatosha, ila iwe na malipo mazuri na ionekane mapema.

Afu huyo kiraka naye lazima achague kabla hajatoka. Hapa ndo naona kosa lenu kubwa, Kipanga yenu ina tani 80 NA bunduki nne NA speed kwa wakati mmoja, hamna alichoacha nyumbani. Fanyeni bunduki zile ziwe na risasi zinazokaa ghalani, au kila bunduki inakula tani 8. Mwenye kutaka bunduki nne anabaki na tani 48, mwenye kutaka 80 anatoka mikono mitupu. Bado ni kiraka, bado anaweza kila kitu, ila sio kila kitu safari moja. Mchezaji kiraka anacheza namba zote ila hachezi namba mbili dakika ile ile.

Kubadilisha nako kuwe na bei. Mwaka 2016 Frontier walileta huduma ya kuhamishiwa meli yako nyingine mpaka kituo ulichopo, na swali likawa ifike papo hapo au ichukue muda. Wakawauliza wachezaji wenyewe kwa kura, na wengi wakachagua ichukue muda. Nakumbuka nilivyoshangaa, watu wanajipigia kura wenyewe wasubiri! Lakini walikuwa wameelewa kitu, kama meli yako ya vita inakufikia sekunde hiyo hiyo popote ulipo basi kiraka hana kazi tena, nani atanunua meli ya mambo mengi kama mambo mengi yote yako mfukoni? Muda wa kusubiri ndo mshahara wa kiraka. Kwa hiyo wasukumeni pande zote mbili, kiraka anakula kwenye safari ambayo hujui utakutana na nini, wa kazi moja anakula kwenye safari unayoijua.

Na mwisho kabisa angalieni mizigo yenyewe. Mkataba wenu mkubwa ni tani ngapi? Kama mikataba yote ni ya tani 30 na 40, hata mtengeneze lori la tani elfu halina pa kwenda. Mapema 2025 Elite walifungua mambo ya wachezaji kujenga makazi mapya kwenye mifumo mitupu, na kituo kimoja kinameza maelfu kwa maelfu ya tani za chuma na alumini na vitu kama hivo. Baada ya hapo mwaka huo huo wakaleta Panther Clipper Mk II, zaidi ya tani 1,200, jina la zamani kutoka ile Frontier ya 1993, na watu wakaipokea kwa mikono miwili kwa sababu tayari kulikuwa na rundo la mzigo linaisubiri. Njaa ilitangulia, chakula kikafuata. Ingekuja 2015 ingekuwa sanamu tu.

Mkirudi kujaribisha, msiwape wote hela sawa. Wapeni watatu hela ya meli moja, watatu hela ya meli mbili, watatu hela ya meli tano. Mwenye moja akichagua Kipanga iko sawa, ndo anavyotakiwa, mtu mwenye meli moja duniani lazima ifanye yote. Mwenye tano akiwa bado ana Kipanga tano, hapo bado kuna kazi. Na mwenye mbili mkaeni naye mumsikilize anavyojishauri kwa sauti, akisitasita muda mrefu afu anachagua kwa sababu ambayo hamkuitegemea, mko karibu sana. Pimeni hela kwa saa, sio kwa safari, na kwenye saa hiyo muweke na kurudi mtupu na kulipuka na kupanga foleni ya kutua. Nitumieni gemu ikiwa tayari, naomba kweli, nitaicheza.

"Python inaweza kubeba matajiri wa utalii? Naona mikataba yao inalipa sana." Msomaji, Mombasa

Abiria inabeba, kabini za kawaida mpaka za daraja la kwanza. Wale wanaodai kabini za kifahari hapana, hao wanataka meli ya abiria yenyewe, nazo kubwa ni Orca na Beluga ambazo zote ni pedi kubwa. Anza na Dolphin ndugu yangu, ni ndogo, inatua pedi yoyote, na hata inapokaribia nyota kuchota mafuta haipati joto haraka, abiria wako watashuka wametulia.